Jicho la Kushoto la Marehemu Gololi

Wazazi wetu, ndugu, majirani, wafanyakazi wa kituo cha samaki, na hata nyinyi mliosimama kule ukutani ambao hamkumjua marehemu ila mmesikia habari za jicho lake mkaona msipitwe, familia inawakaribisha nyote na inawaomba uvumilivu, kwa kuwa maisha ya huyu mama hayakunyooka kama rula, na karatasi hizi zimeshapunguzwa mara tatu, kila zikipunguzwa zinarudi nene zaidi.

Marehemu, ambaye vyeti vyake vina majina marefu lakini hakuna aliyemwita kwa jingine isipokuwa Gololi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi saa na mshona nguo, katika vyumba viwili vya nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako ukuta mmoja ulikuwa wa moto mwaka mzima kwa ajili ya matangi ya kuchemshia mafuta, na mkunga aliyempokea alisimulia mpaka uzeeni kwamba katika watoto wote waliopita mikononi mwake huyu ndiye pekee aliyetoka macho yakiwa wazi, hakulia, aliitazama chemli, akamtazama mkunga, akairudia chemli, kama mteja anayelinganisha vitambaa viwili. Yalikuwa macho makubwa, ya mviringo, meusi yenye kung'aa, baba yake akasema haya si macho, ni gololi, na jina likabaki hapo hapo. Familia haisemi haya kwa kujisifu, ingawa kujisifu kidogo hakujawahi kumwua mtu, lakini ni kweli kwamba akiwa na miaka mitano, fundi saa akiangusha skrubu ndogo kama yai la chawa, yeye na kioo chake cha kubana jichoni walikuwa wanahangaika mezani mpaka wanachoka, kisha anaita, "Gololi, njoo mama, imedondoka," naye anaingia, anasimama, hainami kwanza, anatazama tu sakafu yote kwa mara moja, halafu anaokota.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969 na kumaliza la saba mwaka 1975, miaka yote akikalishwa dawati la nyuma kwa hoja kwamba wenye macho mabovu wanahitaji mbele, na wenzake wanakumbuka jinsi alivyochapwa na mwalimu wa hesabu kwa kosa la kusoma majibu ya mtihani yaliyokuwa mezani kwa mwalimu mwenyewe, karatasi ikiwa imegeuzwa juu chini, kutoka dawati lile lile la nyuma, na mwalimu alipopima umbali kwa hatua zake alirudi, akamwambia, "Binti, siku nyingine funga hayo macho." Aliendelea na sekondari, akaishia kidato cha pili mwaka 1977, kwa sababu baba yake alishikwa na presha ya macho, akawa haoni, ikabidi Gololi akae kwenye ile meza ya saa awe macho yake, na hapo ndipo alipogundua jambo alilolirudia maisha yake yote, kwamba mtu aliyepoteza macho hageuzi uso kwenye sauti, anaugeuza kwenye dirisha.

Tarehe 2 Machi 1981 aliajiriwa kituo cha samaki kama msafisha matangi, na kwa ajili ya wale wasiowahi kufika pale ni lazima kueleza, maana bila hivyo mengine yote yataonekana porojo. Kituo kilikuwa na vyumba vitatu visivyo na dirisha, kimoja kinamulikwa na taa nyekundu, cha pili na taa ya buluu, na cha tatu kina mwanga hafifu kiasi kwamba mgeni angeapa hakuna taa kabisa, na mkuu wa kazi, mzee mrefu mpole ambaye wote walimwita Mtaalamu, alikuwa anagawa mayai ya mama mmoja katika vyumba vyote vitatu ili aone macho ya vifaranga yatashika njia gani. Marehemu aliajiriwa afute mwani kwenye vioo na asiulize maswali, akauliza maswali tangu asubuhi ya kwanza, na Mtaalamu, ambaye kumbe miaka mingi alikuwa anatafuta mtu wa kumwuliza, alimwonyesha yai la samaki ambalo halijawa na mdomo wala mkia unaoeleweka lakini tayari lina madoa mawili meusi, yaani jicho linatangulia na mwili unafuata nyuma. Alimweleza kwamba kifaranga huanza na chembe za kuonea mchana na rangi, zile za kuonea gizani zinamjia baadaye anapokua, kwamba ile gololi nyeupe ngumu tunayoitoa kwenye jicho la samaki mezani ndiyo lenzi yake, na kwamba jicho la samaki haliachi kukua mpaka siku anayokufa, kila mara linajiongezea ukingo mpya pembeni, kama mfumaji anayeongeza mshono kwenye pindo la kitambaa, na ukingo huo unajipanga kwa mwanga ulioukuta. Aliyekulia kwenye wekundu anazidi kuuona wekundu, ukimhamishia kwenye buluu anakosa kosa chakula kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo, yanapita majuma, macho yanajirekebisha, anakula kama wenyeji.

Akamwambia pia kwamba samaki hana kope, wala mboni yake haijui kubana kama yetu, kinachomwokoa ni pazia jeusi lililo ndani kabisa ya jicho, linalopanda mwanga ukija na kushuka giza likiingia, taratibu, muda unaokaribia saa nzima, kwa hiyo ukimwashia taa ghafla umempiga kofi ambalo hana mkono wa kulizuia, na hili marehemu alilishuhudia mwenyewe, kwa sababu mlinzi mgeni aliwahi kuingia chumba hafifu na kubonyeza swichi ya taa kubwa, samaki wote wakajibamiza kwenye vioo, mlio wake ukawa kama mvua ya mawe juu ya bati, na waliobaki hai walikaa siku nzima wamelala ubavu, jicho moja linatazama juu. Tangu hapo taa za asubuhi zilipandishwa kwa mkono, kwa swichi ya kuzungusha, polepole kama jua linavyojifikiria, na kila chumba kikawekewa kijichumba cha kungojea, chenye milango miwili na pazia zito, ambacho wafanyakazi walikiita stendi kwa kuwa watu wanakaa humo bila kujua wataondoka lini. Ukiingia stendi unakaa kwenye benchi gizani mpaka macho yako yawe tayari, na ili mtu asifunguliwe mlango usoni au mwanga usipenye, kila aliyemo anajitaja kwa zamu, wa kwanza anasema mmoja, wa pili wawili, wa tatu watatu, ikishatimia ndipo mlango wa ndani unafunguliwa, na kosa la kuruka zamu lilikuwa kubwa kuliko kuchelewa kazini.

Hapo stendi ndipo alipompata mume. Fundi umeme wa kituo, kijana mwenye sauti nzito na aibu nyingi, alikuwa akija kurekebisha zile swichi za kuzungusha, na kwa miezi mingi walifahamiana kwa maneno matupu, yeye "mmoja", Gololi "wawili", kisha mazungumzo, na wenzake karakana wakamtania mpaka basi, "Wewe unamchumbia mtu hujamwona, siku ya mchana utakuta ni bibi yako mzaa mama," naye anajibu bibi yake angekuwa ameshamdai tumbaku. Asichokijua Fundi ni kwamba Gololi alikuwa anamwona tangu siku ya kwanza, macho yake yalikuwa yanakubali giza kabla mwenzake hajapata benchi la kukalia, aliona alivyokuwa anajifuta jasho, alivyokuwa anafanya mazoezi ya kutabasamu akidhani hakuna shahidi, na alipomwambia, baada ya posa, Fundi alikaa wiki nzima hataki kuingia stendi. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984, wakapanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya magari, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili.

Wa kiume alizaliwa tarehe 30 Januari 1986, akafariki tarehe 3 Oktoba mwaka huo huo kwa homa ya uti wa mgongo, na hapa familia inaomba utulivu kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtoto alikuwa amepigwa picha, tena nyingi, kwa kamera ya kuazima, zote katika filamu moja ambayo haikuwa imesafishwa, na baada ya mazishi filamu ikakwama ndani ya kamera, haizunguki mbele wala nyuma. Mtu mwingine angeipeleka kwa mpiga picha, lakini Fundi alikuwa mtu wa kituo cha samaki, aliwahi kuona wapiga picha wakisafishia picha kwenye taa nyekundu, na kituoni taa nyekundu ilikuwepo chumba kizima, kwa hiyo siku ya tatu ya msiba aliingia chumba chekundu, akangoja stendi kwa adabu zote, akajitaja mmoja, akafungua kamera katikati ya matangi, akaikwamua filamu kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba, na samaki wakimtazama. Mpiga picha alipoisafisha ikatoka nyeusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema kwa huruma, "Shemeji, taa nyekundu ni ya karatasi, si ya filamu, filamu inaiona," na Fundi alirudi nyumbani na ule utepe mweusi mfukoni, akauweka mezani.

Kabla mwaka wa pili haujaisha, Gololi alikuwa amepoteza sura ya mwanawe. Uzito wake mkononi aliukumbuka, joto la utosi, jinsi alivyokuwa anakunja vidole vya mguu akinyonya, lakini akiutafuta uso anakuta weupe, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza waliomwona, mama mkwe akasema alikuwa baba yake mtupu, wifi akasema alikuwa Gololi mtupu, jirani akasema watoto wa umri ule wote wana uso mmoja, akamfukuza huyo jirani hadi barabarani. Tangu hapo, katika miaka yote iliyobaki, huyu mama alitaka kitu kimoja tu, auone tena ule uso, na yeyote aliyemjua atakubali kwamba Gololi hakuwa mtu wa kutaka kitu halafu akaishia kutaka.

Mwaka 1990 alipandishwa cheo, akapewa chumba hafifu akisimamie mwenyewe, na ndani ya miaka miwili mitatu mambo yakaanza kuonekana. Samaki wa chumba kile, waliozaliwa humo, wajukuu na vitukuu vya waliozaliwa humo, walikuwa na macho yaliyojaa kichwa, na desturi yao ilikuwa kumfuata mlishaji kwenye kioo, akisogea wanasogea, lakini Gololi akiingia walikuwa wanajigawa mafungu mawili, fungu moja linasimama mbele yake, na la pili linasimama hatua chache kando, kimya, mapezi yanacheza, linamkabili mtu ambaye hayupo. Mtaalamu aliliona hilo kwa macho yake mwenyewe, akahamisha chakula, wakajigawa, akamwomba Gololi asimame upande mwingine wa tangi, wakajigawa, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni kivuli chako," Gololi akamjibu, "Mtaalamu, kivuli kwa taa ipi?" naye mzee akachukua kigoda chake, akakihamishia karibu na mlango, na toka siku hiyo hakuwahi kukaa mbali na mlango.

Nyumbani ilidhihirika jioni moja mwaka 1994, binti mkubwa ana miaka sita, mdogo ana miwili, umeme ukakatika wakiwa sebuleni, na kama mchezo wa familia ile ulivyokuwa, wakaanza kujitaja, Fundi "mmoja", binti mkubwa "wawili", mdogo akapiga kelele "tatu!" kwa fahari, Gololi akasema "wanne", halafu hakucheka kama kawaida, akageuza uso kwenye pembe iliyo kati ya kabati na ukuta, akangoja, akauliza kwa upole kabisa, "Na wewe je?" Binti mkubwa alisema, "Mama, acha, usitutishe," akaambiwa hakuna wa kumtisha hapa, ni kaka yenu tu, amesimama, amelingana na kabati sasa, na Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha taa za watu, alikaa gizani na kiberiti mkononi na hakukiwasha. Kabati lile lilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minane, na mwana wao angekuwa hai angekuwa na miaka minane, na kadiri miaka ilivyokwenda, kila umeme ulipokatika, Gololi aliangalia juu zaidi kidogo, akafika usawa wa swichi, akafika usawa wa fremu ya mlango, mpaka akawa anaangalia kama mama anavyomwangalia kijana wake aliyemzidi kimo. Alimwona mabega, mikono, namna anavyoegemea mguu mmoja, lakini uso hakuuona, alisema uso unahitaji mwanga zaidi ya ule anaouvumilia yule mtoto, "Nikiongeza taa anaondoka, nikipunguza simwoni," na alimwuliza Mtaalamu kama jicho la mtu nalo linaweza kujiongezea ukingo wa kuonea giza, Mtaalamu akamwambia ukweli kwamba jicho la mtu likishakomaa limekomaa, Gololi akamtazama, akasema, "La kwako," wakaendelea na kazi.

Alistaafu mwaka 2019 kwa heshima zote, na macho yakaanza kumsumbua mwaka uliofuata, mwanga wa mchana ukawa unamtawanyikia kama maziwa kwenye chai, vipimo vikaonyesha mtoto wa jicho pande zote mbili, na daktari wa macho, kijana mcheshi, alimwambia ni upasuaji wa kawaida, unaingia asubuhi unatoka mchana, tunaanza hili, jingine baadaye. Gololi akakataa. Hakukataa kwa woga wa kisu, alikataa kwa sababu alikwisha kuona kinachompata samaki wa chumba hafifu anapohamishiwa mchana, macho yanajirekebisha, yanakuwa ya mchana, na yale ya giza yanasahaulika. Wakati huo binti mkubwa alikuwa amejifungua, mwaka 2021, mjukuu wa kike, na Gololi alimbeba, alimwogesha, alimwimbia, lakini sura yake aliiona ukungu mtupu, na siku moja binti mkubwa, ambaye ni msusi na ulimi wake unajulikana, alishindwa kuvumilia, akamkabidhi mtoto kwa mdogo wake, akasimama mbele ya mama yake na kumwambia, "Mama, mimi nimezaliwa, mdogo wangu amezaliwa, huyu naye amezaliwa, wote tuko hapa mchana kweupe, na wewe umemchagua yule ambaye hayupo," Gololi akajibu, "Nyinyi mna picha," na Fundi akatoka nje, akakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia.

Aliyepatanisha alikuwa Mtaalamu, mzee wa fimbo sasa, aliyekuja kumjulia hali na kitabu chake cha picha, akawaonyesha samaki mmoja wa nchi za mbali anayeishi juu kabisa ya maji, kila jicho lake limegawanyika, nusu ya juu inaona hewani, nusu ya chini inaona majini, kwa wakati mmoja, hagombani na yeyote, na kwa kuwa picha yenyewe marehemu hakuiona vizuri, ilibidi aelezwe, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Basi mimi nitagawa kulia na kushoto." Jicho la kulia lilipasuliwa tarehe 11 Februari 2022, bandeji ilipotolewa kitu cha kwanza alichoomba ni mjukuu, akamtazama muda mrefu, akasema, "Kumbe una masikio ya baba yako, pole sana, tutakulea hivyo hivyo," msusi akacheka na kulia kwa pamoja, wakaombana radhi, na kwa hilo familia inamshukuru Mungu. La kushoto likashonewa kipande cha kitambaa cheusi, analifunika mchana kutwa, jioni analifungua na kukaa chumba cha nyuma ambacho Fundi alikiwekea pazia mbili, na wale mliodhani kitambaa kile ni cha kidonda, sasa mmejua.

Lakini ugonjwa haukungoja makubaliano. Mwaka 2023 moyo wake ulionekana umepanuka, miguu ikavimba, akalazwa mara mbili, na kila akirudi jicho la kushoto lilikuwa limezidi kuziba, weupe umekomaa, daktari akasema halitachukua muda halitaona hata kivuli, kwa hiyo zilikuwa mbio, jicho lifunge kwanza, au moyo usimame kwanza, au ule uso uonekane kwanza, na watu wote wa nyumba ile walijua hivyo ingawa hakuna aliyelisema mezani. Hapo ndipo Fundi, aliyestaafu, mikono inatetemeka, alipotoa swichi ya kuzungusha kutoka kwenye boksi lake la zamani, akatengeneza taa, akaifunga vitambaa, akaijaribu, akaongeza vitambaa, akamwambia mkewe jambo ambalo kwa miaka thelathini na minane hakuna mwingine aliyeliwaza, kwamba labda yule mtoto hachukii mwanga, labda anaukimbia kwa sababu unamjia ghafla, labda naye pazia lake la ndani halijapewa nafasi ya kupanda, na kama samaki tunawapandishia taa taratibu, mwanangu kwa nini nimpige kofi.

Wakaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana, madirisha yamezibwa, mama kitandani, Fundi kwenye kigoda na swichi yake, akizungusha kidogo kuliko ukucha, anasimama, kesho anaanzia pale alipoachia, na jirani wa mkono wa kulia akaombwa azime taa yake kubwa ya nje, inayowaka mchana na usiku na kupenya kwenye nyufa, akalalamika, "Wezi wakija kwangu nitawaleta kwenu," lakini akazima. Gololi alikuwa anaeleza anachokiona kwa maneno machache, leo kidevu, leo sikio, leo ameinamisha kichwa, na siku moja Fundi aliteleza mkono, mwanga ukaruka, kitu kikagonga ukuta wa chumba kwa ndani, kishindo kimoja, binti wote wawili walikisikia wakiwa jikoni, na Gololi akalia siku nzima, ikabidi waanze upya kutoka giza tupu.

Tarehe 17 Septemba 2024, saa nane mchana, Gololi aliwaita wote, mume, binti wawili na mjukuu, akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akafungua la kushoto ambalo kwa macho ya watu wote waliokuwemo lilikuwa jeupe kama ganda la yai, akamwambia Fundi azungushe. Akazungusha. Waliokuwemo wanasema taa ile ilikuwa bado haijafika mwanga wa kaa linalozimika, waliona mikono yao tu, na walimsikia mama anasema, "Bado, baba watoto, bado, usikimbilie, bado," kisha, "Hapo," na Fundi akaacha mkono pale pale kwenye swichi. Msusi, yule yule aliyewahi kumwambia kwamba amemchagua asiyekuwepo, ndiye aliyeuliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Mama, yukoje?" Gololi akasema, "Amechoka kusimama. Mpisheni akae." Wakasogea, mabinti upande huu, mjukuu akapakatwa, wakaacha nafasi kando ya miguu ya mama, na godoro likabonyea.

Hakusema alifanana na nani, na hakuna aliyemwuliza tena. Alikata roho saa kumi jioni, ametulia, na Fundi hakuthubutu kupandisha taa ile mpaka nafasi ile kitandani ilipoinuka yenyewe. Daktari wa macho, aliyekuwa njiani kuja kumwangalia, aliingia akakuta mambo yamekwisha, akafungua pazia, akainama kumfumba macho kwa heshima, akachelewa kidogo, akawasha tochi yake ndogo, akaimulika huku, akaimulika huku, akauliza familia, "Hili la kushoto mlimpasulia wapi?" na daktari mwenyewe yupo hapa, safu ya pili, anatazama viatu vyake, asiyeamini amwulize baadaye, lakini amwulize kwa adabu.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili na mjukuu mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliompigania bila kuchoka, na wa kliniki ya macho waliokubali kutibu nusu ya mgonjwa bila kununa, inamshukuru Mtaalamu aliyejibu maswali yake kwa miaka thelathini na minane na hata yale aliyoshindwa hakuyacheka, inawashukuru wafanyakazi wa kituo ambao asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, walipandisha taa za chumba hafifu kwa mkono, inawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, na kwa namna ya pekee yule wa mkono wa kulia, ambaye taa yake ya nje anaweza kuiwasha sasa, hakuna atakayemlaumu.

Pumzika kwa amani, Gololi, mama yetu, dada yetu, na macho yako yote mawili.